Kijana wa Elimu Tatu Apewe Nafasi

Katika vyuo vyetu vikuu siku hizi ametokea mwanafunzi wa namna ambayo wazee wetu hawakuizoea, na hata walimu wake hawajakubaliana wamwite nani. Yumo katika shahada ya kwanza, tena mwaka wa pili au wa tatu tu. Asubuhi utamkuta katika maabara ya elimu ya viumbe akipima matone ya damu katika vichupa vidogo. Mchana yuko mbele ya kompyuta akiandika programu ya kulinganisha yale aliyoyapata asubuhi, na jioni anasoma habari za magonjwa, kwa kuwa nia yake hasa ni kuwafaa wagonjwa. Mjomba wake akimwuliza, "Ukimaliza utakuwa nani?" hana jibu la neno moja. Si daktari, si fundi wa kompyuta, wala si mwalimu wa bayolojia.

Mjomba naye hukata shauri upesi: mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshika tatu. Twaiheshimu methali hiyo, maana imewaokoa watu wengi na hasara. Walakini katika jambo hili twaona inatumiwa mahali pasipo pake, na kwa kuwa shauri la mjomba ndilo shauri la wazazi wengi na la walimu si haba, tumeona vema tuliseme waziwazi. Jambo hili si la wasomi peke yao. Fedha za kumsomesha kijana huyo hutoka katika jasho la mfanya kazi, na mtoto anayelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa damu ni mtoto wa mfanya kazi huyo huyo.

Na tuanze na kisa cha kweli, cha mtu ambaye wazazi wake walikuwa na hofu ile ile ya mjomba.

Robert Ledley alizaliwa New York mwaka 1926. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia alipenda fizikia kuliko kitu kingine chochote. Nyumbani wakamwambia kwamba fizikia haina riziki ya uhakika. Kama aitaka, basi na aisome, lakini awe pia mganga wa meno, apate mahali pa kutegemea. Kijana hakubishana. Alijiandikisha katika shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha New York, akawa mchana anajifunza kuziba na kung'oa meno, na usiku anapanda treni ya chini ya ardhi kwenda Columbia kusikiliza fizikia. Mwaka 1948 alihitimu udaktari wa meno, na mwaka 1950 akapata shahada ya pili ya fizikia. Mwalimu wake Isidor Rabi, aliyekuwa amekwisha pata Tuzo ya Nobel, alimtania kwamba ndiye mwanafizikia pekee awezaye kumng'oa mtu jino.

Watu walicheka, na bila shaka mjomba angecheka pamoja nao. Lakini tazama yaliyofuata. Wakati wa Vita vya Korea jeshi la Marekani lilimchukua kama mganga wa meno, likamweka katika utafiti wa meno ya bandia. Kisha akaingia katika ofisi ya taifa ya vipimo na viwango, mjini Washington, ambako kulikuwa na SEAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za nchi hiyo. Kazi ya kuiandikia mashine hiyo programu hakufundishwa darasani. Mkewe, mtaalamu wa hisabati, ndiye aliyeajiriwa kwanza kuandika programu huko, naye alikuwa akirudi nyumbani na vitabu vya mashine, mumewe akavisoma. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa ajili ya wale wanaodhani hata leo kwamba kompyuta ni elimu ya wanaume.

Mwaka 1959 Ledley, pamoja na daktari wa picha za eksirei aliyeitwa Lee Lusted, alichapisha makala iliyoeleza jinsi daktari anavyofikiri anapoutafuta ugonjwa, na jinsi fikira hizo zinavyoweza kuwekwa katika hesabu. Makala hiyo yasomwa mpaka leo. Mwaka uliofuata alianzisha taasisi yake ya utafiti wa tiba na viumbe kwa kutumia kompyuta, wakati ambapo madaktari wengi walikuwa hawajaiona kompyuta kwa macho. Halafu ikaja mashine ile ambayo mahospitalini kwetu watu huiita CT. Mwingereza Hounsfield alikuwa ametangulia, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mwaka 1971, lakini mashine hiyo ya kwanza ilikuwa ya kichwa tu. Mwaka 1973 Ledley na wenzake waliunda ya mwili mzima. Mashine ya namna hii huzungusha miali kumzunguka mgonjwa, ikapima kiasi cha miali kinachopenya kila upande, kisha kompyuta ikazichukua hesabu hizo zote na kuzigeuza kuwa picha ya kipande cha mwili kana kwamba kimekatwa kwa kisu. Mtu wa fizikia peke yake aweza kuzipima hizo hesabu, lakini hatajua daktari anataka kuona nini. Yule mng'oa meno alijua.

Huyo ni mmoja. Wa pili ni mwanamke, na kazi yake yakaribia zaidi kazi ya mwanafunzi wetu. Margaret Dayhoff alizaliwa Philadelphia mwaka 1925, akasoma hisabati katika Chuo Kikuu cha New York na kuhitimu mwaka 1945. Kwa shahada ya udaktari katika kemia, aliyoipata Columbia mwaka 1948, alifanya jambo ambalo wanakemia wenzake hawakuwa na mazoea nalo: alichukua mashine za kadi zenye matundu, zilizotumiwa na maofisi ya biashara kwa hesabu zao, akazifanyisha hesabu za molekuli. Baadaye alikaa nyumbani miaka kadhaa akilea watoto. Mwaka 1960 Ledley alimwita katika taasisi yake.

Yafaa tueleze kidogo shida waliyoikuta, kwa maana ndiyo inayoonyesha kwa nini bayolojia ilihitaji kompyuta. Mwili wa kiumbe umejengwa kwa protini, na kila protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo vyaja katika aina 20. Mpangilio wao ukibadilika, kazi ya protini yaweza kubadilika. Lakini mnyororo huo hausomeki mzima mzima. Wakati ule wanakemia waliukata vipande vifupi kwa dawa moja, wakaukata tena mahali pengine kwa dawa nyingine, kisha wakakaa na mafungu hayo mawili wakitafuta ni wapi vipande vinapopandana. Fikiri juu ya barua moja yenye nakala mbili, kila nakala imechanwa mahali tofauti, nawe umepewa vipande vyote katika kapu moja urudishe maneno yake. Frederick Sanger wa Cambridge alitumia takriban miaka kumi kuusoma mnyororo wa insulini, ambao una asidi amino 51 tu.

Mwaka 1962 Dayhoff na Ledley walitoa programu ya kompyuta iliyofanya kazi hiyo ya kuunganisha vipande kwa dakika chache. Na mwaka 1965 Dayhoff na wenzake walichapisha kitabu kilichokusanya protini 65, ambazo wakati huo zilikuwa karibu zote zilizokwisha somwa duniani. Ili kupunguza nafasi katika kadi za mashine alizipa asidi amino alama za herufi moja moja badala ya tatu tatu. Herufi hizo ndizo mwanafunzi wetu anazozitumia leo asubuhi na mchana, na huenda hajui kwamba zilibuniwa na mwanamke aliyekuwa akibana matumizi ya kadi.

Msomaji atauliza: haya ya New York na Washington yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia ya damu, wala hatusemi hivyo kwa mafumbo.

Katika kitabu kile cha Dayhoff zimo himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba hewa safi kutoka mapafuni. Mnyororo mmoja wa himoglobini ya mtu mzima una asidi amino 146. Kwa mtu mwenye selimundu, ile ya sita katika mnyororo huo ni nyingine: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Ni kosa la kipande kimoja katika 146. Lakini kwa ajili ya kipande hicho chembe nyekundu za damu, zinapopungukiwa hewa safi, hugeuka umbo la mundu, zikakwama katika mishipa myembamba, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa ambayo aliyeyaona hayasahau. Hapa Tanzania inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Katika kila watu 100, kati ya 13 na 20 wanabeba kinasaba chake bila kuugua, na wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto wao ana bahati moja katika nne ya kuzaliwa mgonjwa. Watu wengi wamelifahamu jambo hili wodini, baada ya kuwa wazazi.

Sasa angalia ni akina nani walioufumbua ugonjwa huu. Harvey Itano, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, alimaliza shahada ya kwanza ya kemia Berkeley mwaka 1942 akiwa mwanafunzi bora wa chuo kizima. Siku ya mahafali hakuwapo, kwa kuwa Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha wazuilia kambini raia wake wenye damu ya Kijapani kwa sababu ya vita. Aliporuhusiwa kutoka alisoma udaktari, na baada ya udaktari akarudi tena kwenye kemia, chini ya Linus Pauling. Mwaka 1949 wao na wenzao walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu si sawa na ya mtu mzima wa afya, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ukaonekana kuwa ni kasoro ya molekuli. Daktari mtupu hangepima molekuli kwa umeme kama walivyofanya, na mwanakemia mtupu hangekuwa na haja ya damu ile.

Katika mwaka huo huo wa 1949 kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye alikuwa bado hajahitimu udaktari Oxford, alikuja Afrika Mashariki na msafara wa chuo chake. Alipima damu za watu wa pwani, wa kandokando ya Ziwa Viktoria na wa nyanda za juu. Aliona kwamba kinasaba cha selimundu kimejaa pwani na ziwani, na katika nyanda za juu ni haba. Pwani na ziwani ndiko kwenye malaria. Alirudi mwaka 1953 kuyapima mawazo yake, na mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye kubeba kinasaba kimoja cha selimundu ana kinga ya kiasi fulani dhidi ya malaria. Hapo alihitaji ramani, darubini na hesabu za vinasaba. Mbu, mgonjwa na hesabu vilikuwa katika kichwa kimoja.

Na kisa hakikuishia katika miaka ile. Ilijulikana tangu 1948, kwa uchunguzi wa daktari Janet Watson, kwamba mtoto mchanga mwenye ugonjwa huu haonyeshi dalili mapema, na sababu iliyotolewa ni kwamba damu yake ingali na himoglobini ya tumboni mwa mama. Himoglobini hiyo huzimwa baada ya kuzaliwa. Ni nani anayeizima? Swali hilo lilikaa miaka sitini hivi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walilinganisha kwa kompyuta vinasaba vya maelfu ya watu, na mashine ikaelekeza kidole kwenye kinasaba kimoja kiitwacho BCL11A. Mwaka huo wa 2008 Vijay Sankaran, aliyekuwa bado mwanafunzi Harvard, akisomea udaktari wa tiba na udaktari wa falsafa kwa pamoja, alithibitisha katika maabara ya mwalimu wake Stuart Orkin kwamba hicho ndicho kinachoizima. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba yake Marekani, waliidhinisha tiba inayokata, ndani ya chembe za uboho za mgonjwa mwenyewe, mahali panapokiwasha kinasaba hicho, ili himoglobini ya utotoni irudi kazini.

Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame pamoja nasi. Ugonjwa ni wetu, kwa sehemu kubwa. Ramani yake ya kwanza ilichorwa kwa damu za pwani na ziwa letu. Tiba ikauzwa kwa bei ambayo hospitali zetu haziwezi hata kuitamka. Hatuwalaumu waliovumbua. Twasema tu kwamba anayeisoma damu ndiye anayeamua ni swali gani liulizwe na tiba ya namna gani itafutwe. Hadi mwaka 2018, katika kila watu 100 waliowahi kuingizwa katika uchunguzi mkubwa wa vinasaba wa namna ile, 78 hivi walikuwa wa asili ya Ulaya, na 2 tu wa asili ya Afrika. Na elimu ya viumbe yatuambia kwamba ni Afrika ndiko vinasaba vya binadamu vinakotofautiana zaidi kuliko popote. Kitabu kilicho kinene kuliko vyote ndicho kilichosomwa kurasa chache.

Haina maana kwamba kwetu hapana kitu. Muhimbili, tangu mwaka 2004, chini ya uongozi wa Profesa Julie Makani na wenzake, imeandikisha maelfu ya wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mwaka hata mwaka, kazi inayohesabiwa miongoni mwa kubwa za namna yake duniani. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea, ambayo ni kidonge tu, yaweza kutolewa kwa usalama kwa watoto wa Afrika, ikapunguza maumivu, malaria na hata vifo. Hiyo ndiyo tiba inayoweza kufika wilayani. Lakini yataka kipimo sahihi kwa kila mtoto, na hesabu ya damu yake kuangaliwa mara kwa mara, na daftari linaloweza kuulizwa maswali: ni mtoto gani amezidishiwa, ni nani hakurudi kliniki, na kwa nini wa kijiji hiki wanaumwa kuliko wa kile. Maswali hayo hayajibiwi na daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Wala fundi wa kompyuta asiyejua himoglobini ni nini hawezi kuyajibu. Twamrudia, basi, yule kijana wetu asiye na jina la kazi.

Tuseme pia linalosemwa dhidi yake, maana lina uzito. Walimu wenye uzoefu wanaogopa mwanafunzi anayeonja kila chungu na kutoshiba kimoja. Tumewaona wa namna hiyo. Hujifunza majina ya programu kumi, na ukimpa darubini hajui kuilenga. Huzungumza juu ya vinasaba, na hajawahi kuketi na mgonjwa hata saa moja. Huyo kweli amponyoke mwenye methali. Lakini Ledley alihitimu meno kwa ukamilifu kabla ya kuihamia fizikia moja kwa moja, na Itano alikuwa daktari kamili alipokwenda kwa Pauling. Kila mmoja alikuwa na nyumba moja, na katika nyumba nyingine aliingia kwa kubisha hodi na kukaa kitako, wala hakuchungulia dirishani. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza naye achague nyumba yake. Akichagua viumbe, basi ajue viumbe barabara, na hisabati na kompyuta azisome kwa mtihani, si kwa kusikia.

Lawama nyingine si ya kijana, ni yetu wakubwa. Kwa miaka mingi shule zetu zilimgawa mtoto mara aingiapo kidato cha tano: mwenye fizikia, kemia na bayolojia akapita mlango huu, mwenye fizikia, kemia na hisabati akapita mlango ule. Wa bayolojia aliachiwa hisabati kidogo ya nyongeza, nayo wengi waliichukua kama dawa chungu. Kisha chuoni tunashangaa kwamba anayezijua chembe za damu haziwezi hesabu, na anayeziweza hesabu huogopa damu. Mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi mpya nyingi, na hatua hiyo twaisifu. Tahasusi mpya bila mwalimu wa kuifundisha, hata hivyo, ni bango tu ukutani, na wazazi watamani kuona walimu.

Katika vyuo jambo la kwanza ni jepesi na halihitaji fedha za kigeni. Mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi wa namna hii usimamiwe na walimu wawili, mmoja wa viumbe au tiba na mmoja wa kompyuta, na sahihi zote mbili ziwe halali. Leo katika idara nyingi kijana akileta kazi yenye nusu ya maabara na nusu ya hesabu, kila mwalimu humwambia kwamba nusu ile nyingine si kazi yake kuisahihisha. La pili ni muda. Likizo ndefu ndiyo nafasi pekee ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kukaa maabarani wiki nane mfululizo, na mtoto wa mkulima au wa kuli hawezi kuzikaa bila nauli na chakula. Posho ndogo ya likizo ingewafungulia mlango hata wasio na mjomba wa kuwalipia.

La tatu ni daftari la hospitali. Litafunguliwa kwa kijana huyo, na ni haki lifunguliwe, lakini damu ni ya mwenyewe aliyeitoa. Majina yaondolewe kabla mwanafunzi hajaligusa, na karatasi ya ridhaa ambayo mzazi aliitia sahihi au dole gumba iwe imeandikwa kwa Kiswahili, naye awe amesomewa mpaka mwisho, na kuulizwa kama ana swali.